Weupe Uliopita Mia Mbili Thelathini na Tano

Jumapili, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya mwaka ilikuja jana harusini kwa dada yangu bila kadi ya mwaliko. Ikazima umeme ukumbini kabla keki haijakatwa, ikakaa kidogo, ikaondoka zake. Hilo ndilo baya pekee lililotokea. Mengine yote yalikwenda vizuri mpaka nikaanza kuogopa.

Nimeamua kuandika humu mpaka filamu ya harusi ikamilike, kwa sababu hii si kazi ya mteja. Dada ana ualbino. Tangu tukiwa wadogo, picha ya familia ikiletwa nyumbani, huuliza neno moja kabla hajaishika: "Nimetoka?" Na kila mara alikuwa hajatoka. Mpiga picha hupima mwanga kwa ajili yetu sisi wengine, tuliochukua weusi wa Mama, kwa hiyo sisi tunatoka na macho yetu na meno yetu, na yeye anatoka doa jeupe lililovaa gauni. Picha ya darasa la nne ndiyo mbaya kuliko zote. Mama alipoiona alichukua kalamu ya wino, akamchorea macho mawili na mdomo. Mpaka leo imetundikwa sebuleni. Macho yenyewe hayalingani. Kila nikikasirishwa na Mama, hasira zangu huanzia kwenye picha ile.

Dada anapokea simu hospitalini. Mji mzima unaijua sauti yake. Siku alipochumbiwa nilimwambia, "Kwenye filamu yako utakuwa na uso, liwalo na liwe."

Akacheka. "Haya, Mkasi. Tutaona." Mkasi ndilo jina langu studio, kwa kuwa kazi yangu ni kukatakata video. Nyumbani wamelidaka nao.

Bosi alipopata habari akanunua kamera mpya mapema kuliko alivyopanga, akasema itafunguliwa kwa harusi ya dada yangu na hiyo ndiyo zawadi yake. Jicho, mpiga picha wetu, akapimia mwanga kwenye uso wa bibi harusi badala ya bwana harusi. Nilimwona kwa macho yangu akienda na kurudi, akiongeza taa, akipunguza mlango wa lenzi. Mara ya kwanza maishani mwake mtu anapima mwanga kwa ajili ya Dada. Nilitaka kumkumbatia Jicho, lakini ana mke.

Jumatatu, 11 Machi

Kadi za kamera za harusi ya Dada zimepita kwenye Kinu leo. Kinu ni kompyuta kuukuu ya studio. Kila tulichopiga Jumamosi kinatwangwa humo kuwa mafaili madogo, la sivyo diski zetu zingejaa kwa wiki moja. Kisha kadi zinafutwa ziende kwenye kazi nyingine. Ndiyo sheria ya nyumba.

Mvua. Ndoo mbili, moja chini ya dirisha na moja karibu na meza ya Bosi.

Jumatano, 13 Machi

Bado nahariri harusi ya mwalimu mmoja na mfamasia wake. Hotuba ya baba mkwe haina mwisho. Dada amepiga simu akitumia ile sauti yake ya hospitali: "Habari za asubuhi, naomba kuunganishwa na idara ya nyuso." Nikamwambia idara imefungwa mpaka Ijumaa.

Ijumaa, 15 Machi

Nimefungua harusi ya Dada.

Hana uso.

Jumamosi, 16 Machi

Jana nilishindwa kuendelea kuandika. Leo najaribu.

Klipu ya kwanza niliyofungua ni ya kuingia ukumbini. Shemeji anaonekana, miwani yake inaonekana, tai inaonekana. Pembeni yake kuna gauni na shela, na kati ya shela na gauni kuna weupe. Pua haipo. Mdomo ukifunguka unaonekana uwazi mweusi, ukifungwa hata huo unapotea. Nikajiambia ni skrini. Nikahamia kwenye skrini ya Bosi, ile nzuri. Ni vilevile.

Sikushtuka sana hapo mwanzo, maana weupe uliozidi mara nyingi huwa umejificha tu. Programu ya kuhariri inakuonyesha kipande cha katikati cha mwanga, na vilivyobaki juu na chini viko palepale ndani ya faili, vinangoja. Unashusha kidude cha mwanga, na mawingu yaliyokuwa karatasi tupu yanarudi kuwa mawingu. Nimefanya hivyo mara nyingi na nimelipwa sifa nyingi kwa hilo. Kwa hiyo nilishusha.

Uso wa Dada ukawa kijivu. Nikashusha zaidi. Ukawa kijivu kilichokolea, sawasawa kuanzia paji mpaka kidevu, kama ukuta uliopigwa rangi mkono mmoja. Nikaiambia programu iisome faili kwa upana wake wote, kutoka giza la mwisho mpaka weupe wa mwisho. Ikatii. Picha ikapauka, na uso haukuja.

Nikafungua grafu ya mwanga. Uso wa mtu kwenye grafu huonekana kama moshi, unapanda na kushuka, paji hapa, shavu pale. Wa Dada ni mstari ulionyooka juu kabisa, umenyolewa kwa wembe. Nikatazama chini, kwenye suti ya Shemeji na nywele zake, nako kumenyolewa.

Jicho yuko safarini. Nimempigia, hapatikani.

Jumatatu, 18 Machi

Nimejua. Ingekuwa afadhali nisijue.

Juu ya Kinu, kwenye kioo chake, kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi tangu kabla sijaajiriwa. Imeandikwa kwa mkono wa Bosi: KISANDUKU HIKI KISIGUSWE. Mshale unaelekea kwenye kisanduku chenye alama ya vema, kinachosema "salama kwa televisheni". Zamani sana kituo kimoja cha televisheni kiliirudisha kazi ya Bosi kwa sababu weupe wake ulizidi kipimo. Aliaibika. Akatia alama ile, akabandika karatasi, na tangu siku hiyo kila kitu kinachopita hapa kinakatwa kwa kipimo cha televisheni. Harusi, mahafali, sherehe za watoto. Hakuna hata moja iliyowahi kwenda kwenye televisheni.

Naandika hesabu yenyewe hapa ili nimweleze Mama vizuri, maana jioni nimemweleza vibaya akadhani nimepoteza kadi. Kamera huipa kila nukta ya picha namba ya mwanga. Sifuri ni giza totoro, mia mbili hamsini na tano ni weupe wa mwisho. Televisheni, kwa mazoea ya zamani, hutumia kipande cha katikati tu, kuanzia kumi na sita mpaka mia mbili thelathini na tano. Kamera zetu za zamani zilikuwa na mazoea hayohayo, kwa hiyo kisanduku kilikuwa hakina cha kukata. Kamera mpya inaandika mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana ni nzuri. Jicho aliuweka uso wa Dada huko juu, penye nafasi, karibu na mwisho lakini bila kuuvuka. Kila kitu kilikuwemo. Kisha Kinu kikapita na wembe, na kila kilichozidi mia mbili thelathini na tano kikawa weupe mmoja.

Bosi alikuja kusimama nyuma yangu. Akaitazama grafu kwa muda mrefu.

"Kinu?" akauliza.

"Kinu."

"Na kadi?"

"Bosi, kadi zilifutwa Jumatatu. Jumamosi zimekwenda kwenye kazi ya wale wateja wa kanisani."

Akavuta kiti akakaa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno ya kutosha, mengine nimeyatunza tangu mwaka juzi. Lakini mzee alikaa na koti lake lililolowa akasema tu, "Na mimi nilitaka tumpe kitu kizuri." Ningefanyaje na mtu kama huyo? Hata hasira yangu nimenyimwa.

Jumanne, 19 Machi

Nimemweleza Mama tena.

"Fikiria mlango mfupi, Mama. Mtu mrefu anataka kupita. Mwenye akili angemwambia ainame. Kinu hakimwambii ainame, kinakata kichwa."

Mama akaacha kuchambua mchele. "Sasa hicho kichwa kiko wapi?"

"Hakipo."

"Hakipo wapi?"

"Hakipo popote, Mama."

"Mitambo yote hiyo," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara nne. Hakuna kazi iliyofanyika.

Jumamosi, 23 Machi

Dada alikuja na Shemeji kula. Wamepata tarehe. Shemeji ni mpima ardhi, na kampuni inampeleka mbali, nchi ya tatu kutoka hapa, kwa miaka isiyojulikana. Wataondoka mvua zikiisha, mwanzoni mwa Juni. Dada anaacha kazi ya simu.

Alinifuata jikoni. "Mbona huniambii chochote? Nimetoka?"

Nikamwambia bado niko kwenye sauti. Ni kweli nilikuwa nimeanza na sauti, kwa sababu ndiyo pekee inayotazamika. Akaniangalia kwa karibu, kama anavyomwangalia kila mtu, maana macho yake hayaoni mbali. Kwa umbali ule hakuna uongo unaopita.

Shemeji akaingia na sahani. "Shemeji, mimi nisiponenepa kwenye hiyo filamu nitafurahi sana." Mtu mwema huyu, na wembe umempitia naye. Nywele zake, nyusi zake na suti yake vimekuwa giza moja.

Jumatano, 27 Machi

Jicho amerudi. Nilipomwonyesha alienda nje akasimama kwenye mvua bila mwavuli. Aliporudi akasema, "Uso ulikuwepo. Niliuona kwenye kioo cha kamera. Mpaka vidoa vya puani niliviona."

"Najua."

"Nisingeondoka pale bila kuuona, Mkasi."

"Najua, Jicho. Kaa chini, unalowesha diski."

Jumatatu, 1 Aprili

Bosi ana wazo. Tumbandikie. Kuna programu siku hizi, unaipa picha safi ya uso wa mtu, nayo inaufuata mwili wake kwenye video na kuutandika uso palepale, akigeuka unageuka. Akasema Dada aje studio, tumkalishe, tumpige picha vizuri, kazi imekwisha.

Nilijaribu kwa kutumia picha moja ya kitambulisho chake cha kazini. Nilifanya klipu tatu tu. Uso ulikaa. Ulitabasamu kidogo wakati wote, alipokuwa anatembea, alipokuwa analia kwa Mama, alipokuwa anatafuna keki. Macho yalikuwa mawili, mdomo ulikuwepo.

Nilifuta klipu zile nikaenda kunawa mikono. Ilikuwa picha ya darasa la nne, tofauti ni kwamba kalamu ilikuwa yangu.

Ijumaa, 5 Aprili

Harusi mbili, kipaimara kimoja. Mvua inapiga bati mpaka sisikii sauti ninazohariri. Bosi hajaigusa karatasi ya Kinu. Nacho Kinu hakijaigusa tena kamera mpya, tunayahamisha mafaili yake kwa mkono, na diski zinajaa.

Jumanne, 9 Aprili

Jicho amepata mtu wa kurudisha vitu vilivyofutwa kwenye kadi. Yule jamaa anasema kadi ikifutwa, vitu havitoki mara moja, vinabaki chini mpaka vipya viandikwe juu yake. Kadi ya Dada imeandikwa juu mara nne sasa. Jamaa anasema huenda kona fulani haikuguswa. Anasema "huenda" kwa namna ya daktari.

Sijamwambia Mama. Nimemwambia Bosi, akasema gharama zote ni zake na nisimuulize tena.

Jumatano, 10 Aprili

Kimya.

Alhamisi, 11 Aprili

Kimya. Dada kapiga, nikaacha simu iite. Yeye ambaye maisha yake yote amepokea simu za watu.

Jumatatu, 15 Aprili

Jamaa ametuita. Tulikwenda wote watatu, Bosi, Jicho na mimi, tukiwa tumejibana chini ya mwavuli mmoja wa Bosi kama watoto wa shule. Chumba chake ni kidogo, kimejaa vipande vya kompyuta, na kuna kiti kimoja. Tukasimama.

Akafungua alichopata. Cha kwanza, kwaya ya wale wa kanisani. Cha pili, mistari ya kijani. Cha tatu, nusu ya mtoto akikata keki. Cha nne, akasema, "Hiki sijui ni cha nani," akabonyeza.

Viatu. Viatu vyeupe vya Dada kwenye zulia jekundu. Nilivifunga mwenyewe asubuhi ile, kifungo cha kushoto kilikuwa kigumu. Na sasa kifungo nilikiona. Nilikiona chuma chake, na uzi, na kivuli cha uzi juu ya ngozi ya kiatu. Hii ilikuwa faili halisi, ile ya kamera, kabla ya Kinu. Jicho akanishika bega.

Ilikuwa ile klipu ambayo kila mpiga picha wa harusi huipiga: unaanzia viatuni, unapanda polepole, unaishia usoni. Kamera ikapanda. Ukingo wa gauni, na maua yake yaliyotariziwa, weupe juu ya weupe, na kila ua nikaliona. Kwenye mafaili ya Kinu gauni lile ni shuka. Kamera ikapanda. Mikono yake, imeshika maua, na vidoa vya jua juu ya vidole. Nikasikia Bosi anasema polepole, "Panda, panda." Kiuno. Kifua. Mkufu wa Mama, ule aliomwazima, na chini ya mkufu shimo dogo la koo likipanda na kushuka kwa kuwa alikuwa anahema. Nikaona kidevu. Naapa niliona mwanzo wa kidevu, na kovu lake dogo la kuanguka kisimani.

Picha ikavunjika ikawa miraba ya kijani, ikasimama.

"Hapo ndipo walipoandika juu," jamaa akasema.

"Rudia," Jicho akasema.

Akarudia. Viatu, gauni, vidole, mkufu, kidevu, kijani. Akarudia tena bila kuambiwa. Sijui tulitegemea nini, kwamba mara ya tatu kamera ingepanda zaidi kidogo kwa kutuhurumia.

Bosi alilipa, akanipa mwavuli, akatembea kurudi studio kwenye mvua kichwa wazi. Nililia njiani na nashukuru mvua ilinisitiri. Tangu utoto nilidhani Dada hatoki kwa sababu watu hawamjali. Safari hii kila mtu alijali. Kamera ilinunuliwa, mwanga ulipimwa, uso ukaandikwa, ulikuwepo duniani siku mbili nzima ndani ya kadi ndogo kuliko kucha. Ukafutwa na kisanduku kisicho na ubaya na mtu.

Jumanne, 16 Aprili

Karatasi ya Kinu imebanduliwa. Imebaki alama ya gundi.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemwambia.

Tulikuwa kwa Dada, tumezungukwa na masanduku. Nilimweleza mlango mfupi na kichwa. Alisikiliza huku akikunja mashuka, na alipomaliza kukunja la mwisho akalikunjua akaanza tena.

"Kwa hiyo sikutoka."

"Ulitoka, Dada. Ulitoka vizuri sana. Halafu tukakukata."

"Mwisho wake ni uleule."

"Ndiyo."

"Basi usiumie," akasema. "Mimi nimezoea. Wewe ndiye hukuzoea."

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Nakata hotuba. Kila Dada anaposimama kwenye fremu naangalia pembeni yake. Nimekuwa mtaalamu wa pembeni. Najua mapazia yote ya ule ukumbi.

Jumatano, 8 Mei

Nilikuwa nimeiacha klipu ya umeme kukatika. Kila mhariri huitupa, ni giza na kelele tu, na Bosi ana amri yake: giza halimpendezi mteja. Leo nimeifungua kwa sababu nilihitaji ngurumo kwa ajili ya sauti.

Ukumbi unazimika. Watu wanapiga kelele, "Umeme!" Picha inakuwa nyeusi kabisa. Jicho, Mungu ambariki, hakuzima kamera. Baadaye mtu anawasha tochi ya simu meza ya mbali, mwingine anawasha, na kwenye meza ya maharusi kunafika mwanga kidogo sana, mabaki ya mwanga.

Na hapo katikati ya giza kuna uso wa Dada.

Wote. Paji, nyusi zake za dhahabu, pua, vidoa, kovu la kidevuni. Mwanga ulikuwa mdogo kiasi kwamba uso wake uliangukia katikati ya namba, mbali na wembe wa juu, mbali na wembe wa chini. Nikafungua grafu. Moshi, unapanda na kushuka.

Kitu cha pili nilikiona nilipoirudia. Macho yake yako wazi. Nimerudi kwenye klipu nyingine zote, na pale ambapo nyufa nyeusi za macho zinaonekana kidogo, zimefinywa. Mchana kutwa alikuwa amefinya macho. Halafu nikaongeza sauti, na katikati ya kelele za wageni nikamsikia akimwambia Shemeji, "Afadhali. Ile taa ilikuwa inaniumiza macho kweli."

Taa tuliyoiongeza ili atoke.

Shemeji hayupo kwenye klipu hiyo. Yuko, maana anazungumza naye, lakini mwili wake wote uko chini ya kumi na sita, na Kinu kimemnyoa. Kuna ukosi wa shati unaoelea. Dada anacheka na giza. Nilishusha, nikapandisha, nikajaribu kila nilichojaribu kwa Dada. Hakuna kitu pale.

Niliiweka klipu nzima kwenye filamu, mwanzo mpaka mwisho, bila kukata. Bosi akaitazama nyuma ya bega langu.

"Iache," akasema.

Jumapili, 19 Mei

Mvua zimepungua. Ndoo ya dirishani haikujaa.

Ijumaa, 31 Mei

Wanaondoka kesho. Tumeitazama filamu sebuleni kwa Mama. Dada alikaa kwenye mkeka, pua inakaribia kugusa televisheni, sisi wengine nyuma yake tukitazama pembeni ya kichwa chake.

Weupe ukaingia ukumbini. Weupe ukakaa, ukasimama, ukalishwa keki. Mama kila baada ya muda alisema, "Umependeza, mwanangu," na Dada akajibu, "Asante, Mama." Alikuwa anaweka kidole kwenye kioo. "Hapa nilikuwa nacheka," akasema mara moja, kidole kikiwa kwenye doa. Sikujua kama ni kweli.

Kisha umeme ukakatika kwenye filamu. Hakusogea. Tochi ya kwanza, tochi ya pili. Akarudi nyuma kidogo, yeye ambaye huwa anasogea mbele.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe," Mama akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine.

Ana miaka thelathini na moja na alikuwa hajawahi kujiona akicheka. Aliitazama mpaka taa za ukumbi zikarudi na uso ukafutika.

Shemeji akakohoa. "Na mimi niko wapi hapo?"

"Upo," Dada akasema. "Si unaona mkono wangu ulipoishia? Nilikuwa nimekushika." Halafu akaanza kucheka, kicheko kilekile. "Kumbe mimi natoka umeme ukikatika! Mngeniambia mapema, ningeolewa bila taa." Tukacheka wote, Shemeji akajipiga mapaja kwa kucheka, na Mama akafuta macho kwa khanga.

Alipotulia akageuka kwangu. "Hizo nyingine zote, ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, Dada."

"Hazirudi."

"Hazirudi."

Akageukia televisheni. "Basi rudisha pale umeme ulipokatika."

Jumamosi, 1 Juni

Wameondoka. Jua kali. Dada alivaa kofia yake pana na miwani, nikamtambua kwa sauti tu mpaka gari likakunja kona.

Alhamisi, 6 Juni

Jicho amenisafishia picha moja kutoka kwenye klipu ile, kubwa, kwenye karatasi nzuri. Mama ameitundika mwenyewe karibu na ile ya darasa la nne. Dada amefungua macho, anacheka, mkono wake umeshika kitu. Upande wa pili ni giza tupu lenye ukosi wa shati.

Mama alisimama mbele ya lile giza, kichwa upande.

"Mkasi," akasema, "pale dukani kwenye madaftari, wanauza kalamu nyeupe?"

Nilijua ya nini. Nilitazama macho ya wino ya darasa la nne, lile la kushoto lililo juu kuliko la kulia, nikatafuta hasira yangu ya siku zote.

"Sijui, Mama," nikamwambia. "Nitaenda kukuulizia."